Kuona si Kugusa: Mpe Kila Mtu wa Duka Ufunguo Wake

Tuseme una hadwea pale Jogoo Road. Una vijana wawili kaunta na dada mmoja wa hesabu, na wewe mwenyewe mara nyingi uko njiani ukitafuta mali. Mteja akilipa kwa namba ya till, kijana lazima ahakikishe pesa imeingia kabla ya kuachilia mfuko wa simiti. Sasa utafanyaje? Unampatia nenosiri lako. Kesho dada wa hesabu naye analihitaji, unampatia.

Mwisho wa mwezi unakuta shilingi 4,000 zimerudishwa kwa namba usiyoijua. Ukiuliza, kila mtu anasema "si mimi." Ukiangalia rekodi, jina lililoko ni lako, kwa sababu wote waliingia kama wewe. Hapo ndipo mtu asiye na hatia hufutwa kazi, ama kesi inafika Koti ya Makadara bila ushahidi wa maana.

Sehemu ya lawama ni yetu. Dashibodi yetu ya zamani ilikuwa na ufunguo mmoja tu, na ulifungua kila mlango.

Mbona ilikuwa hivyo?

Dashibodi hiyo imejengwa kwa Django, programu ya kutengenezea tovuti. Django ilianzia kwenye gazeti moja la mji wa Lawrence, jimbo la Kansas, Marekani, ikatolewa kwa umma mwaka 2005. Inakuja na ukurasa wa usimamizi ulio tayari, ili watu wa ofisi waweze kuingiza na kurekebisha rekodi bila kumsumbua fundi kila saa.

Mwanzoni ukurasa huo ulikuwa na ruhusa tatu kwa kila aina ya rekodi: kuongeza, kubadilisha na kufuta. Ruhusa ya nne, ya kutazama tu, ililetwa na toleo la 2.1 mwezi Agosti 2018. Kabla ya hapo, ukitaka mtu aone rekodi kwenye ukurasa huo, kwa kawaida ulimpa ruhusa ya kuibadilisha pia. Ni shida ile ile ya kijana wako wa kaunta: anataka kuona tu, lakini anapewa uwezo wa kugusa.

Waundaji wa Django wenyewe wanashauri ukurasa huo utumiwe na watu wa ndani ya shirika. Sisi tulikuwa tumewafungulia wenye maduka karibu vile ulivyo. Ndiyo maana tumeuunda upya.

Kilichobadilika

- Mwenye duka anaona yote, anatoa pesa kwenda benki, na ndiye anayeongeza au kuondoa watu.
- Msimamizi anaweza kuomba mteja arudishiwe pesa, lakini pesa haitoki mpaka mwenye duka akubali kwa PIN yake.
- Mtu wa kaunta anaona malipo ya leo pekee: jina, kiasi na saa. Hawezi kutoa wala kurudisha pesa.
- Mtu wa hesabu anasoma rekodi za miezi yote na kuzipakua. Pesa hagusi.

Kaunta pia haioni namba nzima ya simu ya mteja, ila tarakimu tatu za mwisho. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka taarifa za mtu zitumike kwa kiasi kinachohitajika tu. Kuuza misumari hakuhitaji namba ya mtu.

Fanya hivi leo

1. Badilisha nenosiri lako. Lile la zamani tayari linajulikana na wengi.
2. Fungua "Watu wa Duka," kisha ongeza kila mfanyakazi kwa namba yake ya simu na umchagulie kazi yake.
3. Mtu akiacha kazi, mtoe siku hiyo hiyo. Rekodi za alichofanya zitabaki.
4. PIN usimpe mtu yeyote. Hata sisi hatutakuuliza.

Ukiwa na wasiwasi umpe mtu kazi gani, anza na ndogo. Kumwongezea baadaye ni rahisi kuliko kutafuta pesa iliyoenda.

"Si nitaonekana siwaamini?"

Wenye maduka wa Jericho na Maringo wametuuliza hivyo, na ni swali la haki. Ukiwa na ndugu ama binamu kaunta, ni gumu zaidi. Lakini fikiria upande wake. Pesa ikipotea na nyote mnatumia nenosiri moja, hana njia ya kujitetea. Akiwa na ufunguo wake, rekodi itaonyesha aliangalia malipo ya saa nne na hakugusa kitu. Mwambie hivyo unapomwekea. Ufunguo huo unamlinda yeye kama unavyokulinda wewe.