Mlango wa Bafu Katika Nchi ya Pwani

Katika magofu ya Gede, yaliyo mwendo wa maili kumi hivi kutoka Malindi, mgeni huziona nyumba ambazo Bwana James Kirkman alianza kuzichimbua mwaka 1948. Kuta za mawe ya matumbawe zimesimama, visima vipo, na vyoo na mahali pa kuogea vyatambulikana hata leo. Mji huo ulihamwa katika karne ya 17, na mwaka 2024 ulitiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Lakini mgeni akitafuta mlango hataupata. Mahali pa kuingilia papo wazi, mawe yamebaki, na ubao uliokuwa ukiwasitiri waliooga humo umekwisha zamani.

Mwenye nyumba wa leo, awe Kilifi, Watamu, Mambrui au Malindi mjini, hana haja ya kungoja miaka mia tatu ili ayaone hayo. Mara nyingi misimu michache ya masika yamtosha. Mlango alioununua kwa fedha aliyoiweka akiba huanza kuvimba, kisha rangi hubanduka sehemu ya chini, kisha ubao wenyewe huwa laini kama mkate uliolowa chai, na mwishowe kidole hupenya. Basi hununua mwingine wa namna ile ile.

Jambo hili si dogo. Mlango wa bafu ndio stara ya nyumba. Mkwe akija kutembea na komeo halifungi, aibu ni ya mwenyeji. Na mlango uliovimba ukakwama una hatari yake pia, kwa kuwa mzee au mtoto akiteleza ndani, watu walio nje hawawezi kumfikia upesi.

Wengi husema kwamba ni hewa ya bahari iharibuyo mlango. Neno hilo ni kweli kwa nusu tu, na ile nusu nyingine ndiyo iwapotezayo watu. Hewa ya pwani ina unyevu mwingi, hata zaidi wakati wa masika, na mwezi wa Mei ndio wenye mvua nyingi kuliko yote. Ubao uliowekwa katika hewa ya namna hiyo huvuta unyevu mpaka maji yaliyomo ndani yake yafike kadiri ya sehemu 16 katika kila 100 za uzito wa ubao mkavu. Lakini kuvu wanaoozesha mbao hawawezi kufanya kazi yao vema mpaka maji yapite sehemu 20 katika 100. Kwa hiyo hewa peke yake huuvimbisha mlango, wala haiuozeshi. Kinachouozesha ni maji yenyewe: yale yanayorushwa kwa kata wakati wa kuoga, yakachuruzika mpaka chini na kukaa pale sakafuni.

Ubao una mirija midogo sana inayokwenda toka chini hata juu, ambayo mti ulipokuwa hai uliitumia kupandishia maji. Fundi akatapo ncha ya ubao huifungua mirija hiyo. Ncha hiyo ikigusa maji huyanyonya kama utambi wa taa unyonyavyo mafuta. Atakaye kulihakikisha jambo hili na autazame mlango wowote wa bafu uliozeeka: juu ni mzima, katikati ni mzima, na inchi sita za chini zimekwisha. Ubovu ungekuwa wa hewa tu, mlango ungaliharibika sawasawa kila mahali.

Kwa ajili hiyo, swali la kwanza kwa muuzaji lisiwe bei wala urembo. Iulizwe, kitu hiki kikisimama katika maji kila siku kitakuwaje?

Mbao za miti migumu ya asili zina sifa njema tangu zamani. Mbambakofi, uliotumika sana katika milango ya nakshi ya pwani hii, hauozi upesi, nao hutanuka na kusinyaa kidogo tu. Mvule nao huwashinda kuvu na mchwa, ingawa mafundi huulalamikia kwa sababu ndani yake huweza kuwa na vipande vigumu kama mawe vinavyozivunja meno misumeno. Msaji una mafuta ya asili yanayozuia maji. Walakini sifa hizi zote ni za kiini cha mti, ile sehemu ya ndani yenye rangi nzito. Sehemu ya nje iliyo nyeupe huoza upesi katika miti yote, na mnunuzi aonaye mstari mweupe katika ubao aliouzwa kwa jina la mvule ana haki ya kuukataa.

Shida ni kwamba miti hiyo imekuwa adimu na ghali. Mbambakofi uliosalia katika msitu wa Arabuko-Sokoke si wa kukatwa bila kibali, na mtu auziwaye ubao huo kwa bei nafuu usiku yafaa ajiulize umetoka wapi. Kwa bahati njema uko mwarobaini, ambao huota karibu kila ua wa Malindi. Mbao zake hazipendwi na wadudu, na wachongaji wa vinyago wa mji huo wamekwisha kuuzoea kwa kazi zao. Haulingani na mbambakofi, lakini ukikaushwa vizuri na kupakwa rangi hutoa mlango wa kutegemewa. Mnazi mzee pia una ubao mgumu katika sehemu ya nje ya shina, kinyume cha miti mingine, kwa maana moyo wake ndio laini. Ubao huo hufaa ukiinuliwa mbali na sakafu. Ukigusa maji daima hauwezi kudumu.

Mbao za msonobari na mkrismasi zinazoletwa kutoka bara ni laini, na zisipotiwa dawa hazifai bafuni. Mibaya kuliko yote ni milango miepesi iliyo mitupu ndani, yenye mbao nyembamba za kubandikwa kwa gundi pande zote mbili. Duka huionyesha ikiwa laini na ya kupendeza, na kwa chumba cha kulala hapana neno. Bafuni gundi huachia, ngozi ya juu hufunuka kama karatasi, na hakuna fundi awezaye kuirudisha. Hali kadhalika ile iliyotengenezwa kwa unga wa mbao ulioshindiliwa pamoja na gundi: ikinywa maji huvimba, na ikikauka hairudi tena kama ilivyokuwa.

Milango ya plastiki haiozi, wala mchwa hawaili, na kwa bafu lililo ndani ya nyumba hakuna kilicho rahisi kuliko hiyo. Lakini bafu lililo uani, lenye mlango uelekeao jua la mchana, ni habari nyingine; jua kali huipausha plastiki na baada ya miaka huifanya ivunjike upesi. Alumini nayo haishiki kutu kama chuma, ila ina adui wawili. Saruji na chokaa mbichi huila, basi mwashi asipige lipu baada ya mlango kutiwa bila kuufunika. Na tena ikifungwa kwa skurubu za chuma cha kawaida, chumvi ya pwani huifanya alumini ilike pale pale zilipokutana. Mlango wa chuma chenyewe, hasa penye kisima cha maji ya chumvi, huhitaji kukwanguliwa na kupakwa rangi mara kwa mara, kazi ambayo watu wengi huiahidi na wachache huitimiza.

Haifai kuudharau ule wa zamani. Katika miji ya mashambani bado yako mabafu ya makuti yasiyo na paa, na mlango wake ni kiwambo cha makuti au gunia. Haudumu miaka mingi, lakini upepo hupita ndani yake na kuukausha kabla ya jua kutua. Huo ndio ujuzi ambao mabafu mengi ya mawe yameusahau, kwa kuwa yana kidirisha kimoja kidogo kilichozibwa. Mlango wenye vipande vya ubao vilivyolazwa mshazari sehemu ya juu hupitisha hewa bila kuvunja stara.

Kuhusu kuvimba, ubao hutanuka kwa upana, si kwa urefu. Mlango wa mbao wenye upana wa futi mbili na nusu, uliotengenezwa katika hewa kavu ya bara, ukifika pwani huweza kutanuka hata robo inchi. Ndiyo sababu fundi mwangalifu huziacha mbao kivulini majuma kadhaa hapa hapa pwani kabla ya kuzikata, kisha huacha nafasi ndogo kila upande, na nusu inchi chini. Miimo nayo isisimame juu ya sakafu, bali juu ya kitako cha saruji chenye kimo cha inchi nne. Bawaba na skurubu ziwe za shaba ya manjano au za chuma kisichoshika kutu. Na pakiwa na nafasi ya kutosha, mlango ufungukie nje, ili aliyeanguka ndani asiuzuie kwa mwili wake.

Kosa lililo kubwa kuliko yote hufanywa siku ya kupaka rangi. Fundi huutundika mlango kwanza, kisha hupaka uso wa mbele na wa nyuma, na ncha ya chini, isiyoonekana na mtu, hubaki tupu. Hapo ndipo maji yaingiapo. Yapasa mlango ulazwe juu ya viti na ncha ile ipakwe mara tatu, kila mara ikiachwa ikauke, kabla bawaba hazijafungwa. Wenye majahazi wanalijua jambo hili. Hawakipaki chombo sifa au deheni pale panapoonekana tu.

Ambaye mlango wake umekwisha kuanza kuoza asikimbilie kupigilia bati sehemu ya chini, kama ilivyo desturi ya wengi. Maji huingia kwa matundu ya misumari, hukosa njia ya kutoka, na ubao huoza kwa siri nyuma ya bati linalong'aa. Ni afadhali auteremshe mlango wakati wa kaskazi, hewa ikiwa kavu kidogo, akate sehemu yote iliyolainika mpaka afikie ubao mzima, aunge kipande cha mwarobaini au mvule kwa gundi isiyoyeyuka majini, apake ncha mara tatu, na kuurudisha mahali pake kabla ya mvua za Aprili.