Samaki wako hakufa kwa njaa

Kila kipindupindu kinapotangazwa Kalemie, klori huongezwa katika bidoni za maji, na maswali ya wasomaji kuhusu samaki huongezeka nayo. Hadithi ni ileile. Watoto walikuwa na samaki wachache katika tangi la kioo sebuleni, mzazi akabadilisha maji kwa yale ya bomba au yaliyotiwa dawa kwenye kituo cha kuteka, asubuhi samaki wote wanaelea tumbo juu. Halafu linakuja swali lenyewe: ikiwa maji haya yameua samaki, sisi wanadamu tunakunywa nini?

Nalijibu hilo kwanza, maana nimewasikia watu wakilishika kama ushahidi wa kukataa klori, na tukifika huko hatuzungumzii tena samaki. Samaki hayanywi maji yale kama sisi, anayapumua. Maji ya tangi hupita tena na tena juu ya matamvua yake, yale mashavu mekundu, ambayo utando wake una unene wa sehemu chache za elfu za milimita, na damu iko papo hapo upande wa pili. Klori huuchoma utando huo, samaki akakosa hewa ndani ya maji yenye hewa tele. Kwa samaki wengi, hata sehemu moja au mbili za kumi za miligramu katika lita zinaweza kuua. Mtu anapomeza maji hayohayo, klori hukutana na mate, chakula na majimaji ya tumbo, ikaisha nguvu kabla ya kuifikia damu. Shirika la Afya Duniani linataka maji ya kunywa yabaki na angalau nusu miligramu ya klori kwa lita baada ya nusu saa, na kikomo chake kwa mwanadamu ni miligramu 5. Kiasi kinachomlinda mtoto ndicho kinachomuua samaki, na mambo hayo mawili hayapingani hata kidogo.

Anayetaka kujua gharama ya kukosa maji ya bomba aangalie Uvira, jirani zetu wa kaskazini kwenye Ziwa Tanganyika hilihili. Watafiti walilinganisha usambazaji wa maji ya bomba huko kati ya 2009 na 2014 na idadi ya wagonjwa waliolazwa, wakachapisha matokeo mwaka 2015: baada ya siku isiyo na maji ya bomba, wagonjwa walioshukiwa kuwa na kipindupindu waliongezeka zaidi ya maradufu katika siku 12 zilizofuata. Kwa hiyo maji ya watu yatiwe klori. Maji ya samaki yaachwe wazi katika beseni pana usiku na mchana kabla ya kutumiwa, klori ipotelee hewani. Ni hayo tu.

Lakini samaki wengi wa nyumbani hawafi kwa klori. Wanakufa kwa chakula.

Mama mmoja wa mtaa wa Kataki aliniambia, “Papa, samaki wangu hawakosi kitu. Asubuhi mkate, mchana bukari, jioni ndagala wa kusaga.” Nikamwuliza wako katika maji kiasi gani. Bidoni moja, lita 20. Nikamwuliza wanaishi muda gani. Wiki moja, wakijitahidi wiki mbili, kisha ananunua wengine.

Hesabu yake ni hii, na naomba msomaji anivumilie, maana siri yote iko hapa. Zaidi ya nusu ya uzito wa ndagala mkavu ni protini, na karibu sehemu moja ya sita ya protini ni naitrojeni. Gramu moja, yaani ndagala mmoja au wawili wakavu, inabeba karibu miligramu 100 za naitrojeni. Sisi taka hiyo tunaitoa kwa mkojo. Samaki huitoa kwa matamvua, ikiwa amonia. Chakula kilichobaki nacho huoza na kutoa amonia vilevile. Tuseme nusu tu ya naitrojeni ile imegeuka amonia: miligramu 50 katika lita 20, yaani miligramu mbili na nusu kwa kila lita. Hiyo ni gramu moja tu ya chakula.

Je, kiasi hicho kinaua? Inategemea maji, na hapa ndipo ziwa letu linapoachana na mito. Amonia ikiwa majini ina sura mbili zinazobadilishana wakati wote. Ya kwanza imebeba chaji ya umeme, inaitwa amoniamu, na utando wa tamvua huizuia kwa sehemu kubwa. Ya pili haina chaji. Inaupenya utando bila kubisha hodi, inaingia katika damu na kufika kwenye ubongo, na ndipo mnapomwona samaki anarukaruka, anazunguka ovyo, kisha analala ubavu. Kinachoamua ni kiasi gani kiwe cha sura hii au ile ni pH ya maji, yaani kipimo cha uasidi na ualkali wake. Maji yakiwa na pH 7 na joto la nyuzi 25, kati ya sehemu 1,000 za amonia ni kama 6 tu zenye sumu. Kwenye pH 8 zinapita 50. Kwenye pH 9 zinafika 360. Na maji ya juu ya Ziwa Tanganyika yako karibu na 9.

Zisomeni tena tarakimu hizo. Chakula kilekile, uchafu uleule, samaki yuleyule, lakini katika maji ya pH 9 sumu ni mara 60 ya ile ya pH 7. Bidoni ya mama wa Kataki, iliyojazwa maji maangavu yaliyochotwa ziwani asubuhi hiyohiyo, ingeweza kufikisha karibu miligramu moja ya amonia yenye sumu kwa lita, wakati matamvua huanza kuharibika chini ya sehemu moja ya kumi ya kiasi hicho. Macho hayaoni lolote. Maji yanang'aa na samaki anakufa.

Mbona basi ziwani hawafi? Kwa sababu ziwa lina karibu kilomita za ujazo 18,900 za maji, na taka ya samaki mmoja inapotea humo mara moja. Mamilioni ya miaka yamewazoesha samaki wetu chumvichumvi na ugumu wa maji yale, ila hayakuwapa kinga dhidi ya amonia iliyofungiwa katika bidoni. Yuko samaki mmoja Afrika Mashariki aliyelimaliza tatizo hili kabisa: tilapia mdogo wa Ziwa Magadi, Kenya, anayeishi kwenye maji yenye pH karibu 10. Kwa kawaida amonia hutoka vizuri mwilini kwa kuwa, ikishavuka tamvua, maji ya nje huigeuza amoniamu isiyoweza kurudi. Katika maji ya magadi mlango huo umefungwa. Tilapia yule ameiacha njia hiyo, anatengeneza urea kama mimi na wewe, kisha anaitolea kwenye matamvua. Wanasayansi waliliandika jambo hilo katika jarida la Nature mwaka 1989, na kila nikilirudia nalishangaa upya. Samaki tunaowafuga Kalemie hawana uwezo huo. Wanategemea sisi tuwaondolee amonia.

Na sisi tunategemea bakteria. Wanaota juu ya changarawe, kwenye kioo, na zaidi ya yote ndani ya sifongo ya chujio. Wanaila amonia na kuigeuza nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha nitrati, ambayo samaki huivumilia mpaka siku ya kubadilisha maji. Kwa zaidi ya miaka mia moja tulifundishwa kwamba kundi moja hufanya hatua ya kwanza na kundi jingine ya pili. Desemba 2015 timu mbili zilionyesha kwamba wapo bakteria wa jenasi Nitrospira wanaofanya kazi yote peke yao, na moja ya timu hizo iliwakuta katika chujio la maji ya ufugaji wa samaki. Tatizo ni kwamba bakteria hawa huongezeka polepole. Tangi jipya huhitaji kati ya wiki nne na sita kabla halijaweza kubeba samaki kadhaa. Samaki wanaokufa wiki ya pili wamekufa kwa sababu bakteria hawakungojewa.

Kwa hiyo usafi wa kupindukia ni msiba. Mtu anayetoa maji yote kila siku, akasugua kioo na kufua sifongo kwa sabuni au javel, amewaua wafanyakazi wake wote na kuanza upya. Sifongo isuuzwe kidogo tu, ndani ya maji ya tangi yaliyotolewa. Maji yabadilishwe robo moja kila wiki.

Sasa wauza vidonge. Sokoni wapo wanaomshauri mzazi afungue kapsuli ya tetrasaiklini na kuimimina katika maji ya samaki kila samaki anapozubaa. Naomba niseme waziwazi: huo si utabibu, ni biashara ya kudanganya watu. Samaki aliyelewa amonia hana bakteria wa kuuawa na kidonge. Kidonge kinaweza kuwaua wale bakteria wa sifongo waliokuwa tumaini lake la mwisho, na sumu ikapanda zaidi. Kisha maji yale yenye dawa yanamwagwa mtaroni, yanateremka ziwani. Doksisaiklini, dawa ya ukoo huohuo wa tetrasaiklini, ndiyo tunayowapa wagonjwa wa kipindupindu katika mji huu. Kuwafundisha vijidudu wa mitaro yetu kuizoea familia hiyo ya dawa, kwa ajili ya samaki ambaye angepona kwa kubadilishiwa theluthi ya maji, ni kosa lisilo na udhuru. Chumvi ya jikoni, dawa nyingine ya “kila ugonjwa”, haiondoi amonia.

Uzushi mwingine nitaupitia haraka. Samaki anayeelea juu akipanuapanua mdomo hawasalimii wageni, anatafuta oksijeni. Samaki “hakui kuzidi chombo chake” kwa sababu maji mabovu yamemdumaza, si kwa adabu. Na chandarua cha mbu kisitumiwe kuvulia samaki wa kufuga wala kufunikia tangi: dawa iliyomo, ya kundi la pairethroidi, ni sumu kali kwa samaki. Vyandarua ni vya watoto wetu kulala ndani yake.

Kuhusu aina ya chakula, mtazame samaki anaishije ziwani. Katika maduka ya Ulaya samaki wa ziwa hili huuzwa kwa majina ya pwani yetu, Moba, Kapampa, Kiriza, na wafugaji wa huko walijifunza kwa hasara kwamba Tropheus, mkwanguaji wa mwani kwenye mawe, akilishwa nyama ya ng'ombe mara nyingi huvimba tumbo na kufa. Mwaka 2009 watafiti wakiongozwa na Catherine Wagner walipima utumbo wa samaki wa jamii hiyo katika Ziwa Tanganyika, wakathibitisha kwamba urefu wake unafuata chakula: wala mwani wana utumbo mrefu, wala samaki wenzao mfupi. Mla mwani apewe jiwe lenye mwani au jani la lengalenga lililochemshwa kidogo. Wawindaji wadogo wapewe ndagala aliyesagwa, kiasi cha ncha ya kisu, au viluwiluwi vya mbu, mradi vimalizwe vyote palepale visije vikageuka mbu chumbani. Mkate na bukari, hapana. Mlo mmoja kwa siku, kile kinachoisha ndani ya dakika mbili, na siku moja kwa wiki bila chakula. Samaki mzima mwenye afya hafi kwa kufunga siku mbili tatu.

Anzeni na lita 60 au zaidi, samaki wadogo wachache, mbali na dirisha lenye jua. Umeme ukikatika, msiwalishe. Toeni sifongo katika chujio, ilazeni ndani ya tangi ili bakteria wapate hewa, na kila saa choteni kikombe cha maji na kukimimina kutoka juu. Chujio lililokaa limezimwa usiku kucha lisuuzwe kabla ya kuwashwa, maana maji yaliyooza ndani yake yanaweza kuua tangi zima.

Mikono yenye kidonda isiingie tangini. Kuna bakteria aitwaye Mycobacterium marinum, wa ukoo wa kifua kikuu, anayeingia kwenye mchubuko na kuleta uvimbe usiopona kwa miezi. Mwenye uvimbe huo amweleze daktari kwamba anafuga samaki, vinginevyo huenda asifikiriwe. Osheni mikono kwa sabuni, na vyombo vya tangi visiguse jiko, kwani maji yaliyochotwa ziwani karibu na makazi yanaweza kubeba kipindupindu. Konokono waachwe hukohuko: baadhi yao hubeba bilharzia.

Na aliyechoka kufuga, hasa aliyeletewa samaki wa kigeni kutoka mji mwingine, asiwatupe katika Mto Lukuga wala ziwani. Karibu samaki wote wa jamii ya Tropheus walioko Tanganyika hawapatikani kwingine duniani, na ugonjwa au mshindani mgeni akiingia hatolewi tena. Wapewe jirani mwenye tangi, na maji yao yamwagwe ardhini, mbali na kisima na mtaro.