Je, Wajua? Podikasti, kuanzia kabati la nguo hadi sikio la msikilizaji

Je, wajua kwamba Barack Obama, akiwa bado rais wa Marekani, alihojiwa ndani ya gereji? Ilikuwa Juni 2015, Los Angeles, nyumbani kwa mchekeshaji Marc Maron, aliyekuwa na podikasti iitwayo WTF. Rais alimfuata mtangazaji kwake. Basi anayesubiri apate studio ndipo aanze, asisubiri tena.

Je, wajua kwamba kabati lililojaa nguo ni studio nzuri? Chumba kitupu chenye sakafu ya vigae na kuta za saruji hurudisha sauti, na msikilizaji huusikia mwangwi huo kabla hata hajakuelewa unasema nini. Nguo, godoro lililosimamishwa ukutani na mapazia mazito huumeza. Zile sponji nyembamba za kubandika ukutani hazizuii kelele za bodaboda barabarani. Kazi yake ni kupunguza mwangwi wa ndani tu. Kwa nyumba zetu zenye majogoo na jenereta, maikrofoni ya dainamiki hufaa kuliko ya kondensa, kwa sababu huchukua zaidi sauti iliyo karibu nayo. Iweke umbali wa ngumi moja au mbili kutoka mdomoni.

Je, wajua kwamba Apple Podcasts haihifadhi podikasti za kawaida zilizoorodheshwa humo? Ni orodha. Faili la sauti hukaa kwenye kampuni inayokuhifadhia kazi, na kinachowaunganisha wasikilizaji nalo ni mlisho wa RSS, teknolojia ambayo Dave Winer aliiwezesha kubeba sauti mwanzoni mwa miaka ya 2000, na ambayo Adam Curry, aliyewahi kutangaza MTV, aliisaidia kuenea mwaka 2004. RSS haina mwenyewe. Hakuna kampuni inayoweza kuifunga.

Hapa ndipo ninapowasihi wanaoanza wasiharakishe. Google ilipoifunga Google Podcasts mwaka 2024, mtangazaji mwenye mlisho wake alipoteza mlango mmoja tu. Kazi yake ilibaki ikisikika kwingine kote. Aliyejenga kila kitu ndani ya mtandao mmoja hana kinga hiyo. Kabla hujajiunga na kampuni yoyote ya kuhifadhi sauti, hata ya bure, uliza swali moja: nikihama, mtawaelekeza wasikilizaji wangu kwenye anwani yangu mpya? Isiyokubali, usiikabidhi jasho lako.

Je, wajua kwamba saa nzima ya mazungumzo inaweza kutoshea katika megabaiti 29 hivi? Hiyo ni kwa sauti ya mono yenye kilobiti 64 kwa sekunde. Ukipandisha hadi 128, saa hiyohiyo inafika karibu 58. Maongezi matupu hayahitaji stereo, na msikilizaji anayenunua bando la siku, awe Mbeya, Kisumu au Bukavu, anahesabu kila megabaiti.

Je, wajua kwamba mtu akibonyeza na kuondoka papo hapo, huenda asihesabiwe kabisa? Kwa kanuni za IAB, chombo kinachoweka vipimo vya matangazo ya mtandaoni, upakuaji huhesabiwa pale tu sauti ya kutosha dakika moja inapokuwa imepakuliwa. Dakika hiyo wengi wetu huimaliza kwa salamu na shukrani. Anza na jambo lenyewe, salamu zitafuata.

Je, wajua kwamba Welcome to Night Vale, mchezo wa kubuni ulioanza Juni 2012, ulikaa mwaka mzima bila kuvuma sana? Ulitoka kila tarehe 1 na 15 ya mwezi. Julai 2013 ulipanda hadi nafasi ya kwanza kwenye iTunes, na waliousukuma ni mashabiki waliokuwa wakichora wahusika wake na kusimuliana habari zake kwenye Tumblr. Tarehe isiyobadilika iliwapa watu hao kitu cha kungoja.

Podikasti nyingine, Serial, ilipata njia ya mkato: mwezi Oktoba 2014 episodi yake ya kwanza ilipigwa pia ndani ya This American Life, kipindi cha redio chenye wasikilizaji wengi tayari. Nawe unaweza kuomba kualikwa kwenye kipindi cha mwenzako. Wanaosikiliza podikasti moja ndio wepesi zaidi kuijaribu ya pili.

Na urefu? Dan Carlin wa Hardcore History hutoa episodi za saa tatu na zaidi, kila baada ya miezi kadhaa, na watu humngoja.

Je, wajua kwamba Ear Hustle ilianzia gerezani San Quentin, California, mwaka 2017? Earlonne Woods, aliyekuwa mfungwa humo, aliitengeneza pamoja na msanii Nigel Poor na mfungwa mwenzake Antwan Williams. Woods hakuwa na intaneti, na kila episodi ilipitiwa na ofisa wa gereza kabla ya kutoka nje. Novemba 2018 gavana Jerry Brown alimpunguzia kifungo, akatoka. Mimi siijui hadithi nyingine ya podikasti inayonigusa kama hii.

Je, wajua kwamba BBC imetangaza kwa Kiswahili tangu Juni 1957? Masikio yetu yana mazoea ya miaka mingi ya kusikiliza redio, na mtangazaji wa redio anaweza kuhama nayo hadi kwenye podikasti: Adelle Onyango wa Kenya aliondoka redioni, mwaka 2019 akaanzisha Legally Clueless, ambamo Waafrika wa kawaida husimulia maisha yao wenyewe.

Mawili ya sheria, kwa haraka. Tanzania iliweka leseni za maudhui ya mtandaoni kwa kanuni za 2018, ambazo baadaye zilibadilishwa na nyingine, kwa hiyo waulize TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya nchi hiyo, kabla ya kurusha. Wimbo wa mtu nao una mwenyewe. Ukitaka kuutumia, omba ruhusa, na COSOTA wa Tanzania au KECOBO wa Kenya watakueleza taratibu za hakimiliki.

Kama kuna jambo moja unalolijua vizuri, liwe uvuvi wa pweza, mashauri ya ardhi au historia ya taarabu, lirekodi kwa Kiswahili wiki hii, na mlisho wake uuandikishe kwa jina lako.