Alama ya puli na mshahara wa fundi

Habari hii inatoka Kampala. Inamhusu fundi kijana aliyekatwa mshahara kwa ajili ya kikato kidogo kwenye puli, ambacho hata ukucha unaweza kukifunika.

Gari lenyewe ni Volkswagen ya 1967, zile za mgongo kama kobe, injini ya 1300. Volkswagen za namna hii ndizo zilizoshinda mbio za Safari mwaka 1962, na wazee walio nazo hawataki hata kusikia habari ya kuziuza. Kijana alipewa puli na gereji badala ya ile iliyopasuka. Akaifunga, akaweka pointi na taiming, gari likatoka. Wiki tatu baadaye likafa katika msitu wa Mabira, barabara ya Jinja. Kichwa cha valvu ya kutolea moshi, silinda ya 3, kilikatika kikaponda pistoni. Mwenye gereji akamwambia, "Taiming uliweka wewe, utalipa wewe." Theluthi ya mshahara ikaanza kukatwa kila mwezi.

Mimi niliishia darasa la saba, lakini nilishika spana miaka tisa kabla ya chama kunituma kazi hii. Nikaomba injini ikaguliwe mbele ya mwajiri na kijana mwenyewe. Ilikuwa chini, juu ya mbao, imefunguliwa upande wa kushoto tu.

Petroli huchukua muda kuwaka, kwa hiyo cheche lazima itangulie kidogo kabla pistoni haijafika juu. Kwa injini ile ni digrii 7.5 kabla. Kwanza unaweka nafasi ya pointi, milimita 0.4, maana ukiigusa baadaye na taiming inahama. Kisha unazungusha injini kufuata mshale wa saa, spana namba 21 kwenye nati ya dainamo, mpaka kikato cha puli kikutane na mshono wa injini na rota ielekee kialama cha silinda ya 1 kwenye ukingo wa distibyuta. Unalegeza nati ya distibyuta kwa spana namba 10. Unachukua balbu ya volti sawa na betri, waya mmoja kwenye koili pale unapotoka waya wa kwenda distibyuta, mwingine kwenye bodi, unafungua swichi. Zungusha distibyuta kufuata saa mpaka balbu izimike, halafu irudishe polepole. Pale pale inapowaka, kaza. Wako mafundi wanaoweka kwa sikio na kujisifu. Mimi nilikuwa mmoja wao, na nimeunguza mali za watu.

Tulipopima, balbu iliwaka kikato kikiwa sawasawa kwenye mshono. Kijana hakukosea hata unywele. Mwajiri akauliza, basi nani kakosea?

Nikatoa plagi ya silinda ya 1, nikaingiza kijiti laini, tukazungusha mpaka kijiti kikaacha kupanda. Hapo pistoni iko juu kabisa. Kikato cha injini ile kilipaswa kiwe kimekwisha kupita mshono, kiko kulia kwake. Chetu kilikuwa bado kushoto, hakijafika! Ile ilikuwa puli ya baadhi ya injini za 1600 za mwanzoni mwa miaka ya 1970, zenye distibyuta ya namna nyingine, ambazo alama yake ni digrii 5 baada ya pistoni kufika juu. Yaani moto ulichelewa kwa digrii 12.5. Gari la namna hiyo ni zito mlimani, dereva anakanyaga zaidi, na moto unatoka ungali unawaka ukipita kwenye valvu. Silinda ya 3 kwenye injini hizi za zamani tayari ina shida ya hewa, kwa kuwa kipoozea oili kinakaa njiani mwake. Sisemi puli peke yake ndiyo iliyokata valvu, maana valvu yenyewe ilikuwa kuukuu. Lakini risiti ya puli ilikuwa ya gereji.

Kijana naye ana lake. Aliona gari ni zito, akasema, akajibiwa, "Toa gari, mwenyewe anangoja." Hakuandika neno kwenye karatasi ya kazi, na siku ya shauri hakuna aliyekumbuka kumsikia. Ukifunga puli usiyoijua ilikotoka, tafuta juu ya pistoni kwa kijiti kwanza, ndipo uamini kikato. Ukiharakishwa, andika kwenye karatasi ya kazi na uweke tarehe.

Makato yamesimamishwa. Fedha za miezi miwili zilizokwisha kukatwa hazijarudishwa, na tumempelekea mwajiri barua ya pili.