Soma Kabla ya Kutia Sahihi: Kanuni za Kazi ya Hoteli na Heshima ya Binti Yako



Masika yamekwisha, na kuanzia Diani hadi Watamu hoteli zinaajiri tena kwa ajili ya msimu wa wageni. Katika nyumba zetu nyingi yupo binti au kijana anayesubiri kuitwa kazini. Wazazi huuliza mshahara ni kiasi gani na zamu itakwisha saa ngapi. Swali moja husahaulika: je, kanuni alizotilia sahihi zasemaje?

Alitujia mama mmoja pamoja na bintiye, mhudumu wa vyumba. Siku ya kuajiriwa, binti huyo alitia sahihi kurasa kadhaa za Kiingereza, yeye na wenzake wakiwa wamesimama kwenye foleni, wala hakusoma hata moja. Mwezi wa tano, mgeni aliyekuwa akirejea kwao alimzawadia chupa ya manukato. Jioni mlinzi wa langoni akakagua mkoba na kuikuta. Kanuni zilisema kuwa zawadi haitoki hotelini bila ya barua ya mgeni mwenyewe. Barua haikuwapo, na mgeni alikwisha kupanda ndege. Siku ileile binti akaamriwa arudishe sare, na neno "mwizi" likafika mtaani kabla yake.

Hatuandiki haya ili kuilaumu kanuni yenyewe. Mhudumu wa vyumba huingia mahali mgeni alipoacha pesa, hati za safari na siri zake. Ndiyo maana hoteli nyingi huamuru kwamba mlango ubaki wazi wakati wa usafi, kilichosahauliwa na mgeni kikabidhiwe na kuandikwa daftarini, nambari ya chumba asitajiwe mtu, wala picha ya mgeni isitumwe kwa yeyote. Kwetu sisi haya si mageni. Jina lake ni amana. Tena mlango ulio wazi humlinda binti kama unavyomlinda mgeni.

Lakini kanuni zina upande wa pili, nao ni haki ya mfanyakazi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yasema kuwa mkataba wa miezi mitatu au zaidi uandikwe, na mfanyakazi asiyeielewa lugha ya mkataba aelezwe kwa lugha anayoifahamu. Kifungu cha 41 chamtaka mwajiri, kabla ya kumfukuza mtu kwa kosa la utovu wa nidhamu, amweleze sababu kwa lugha anayoielewa na kumsikiliza, akiwapo mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi aliyemchagua mwenyewe. Binti yetu hakulijua hilo. Laiti angelijua, asingeondoka langoni akilia peke yake.

Yapo mambo mengine ambayo yafaa yaulizwe mapema, kwa upole na kwa uwazi. La kwanza ni sitara. Katiba, katika Kifungu cha 32, yakataza mtu kunyimwa kazi kwa sababu ya dini yake. Hata hivyo ni bora kuuliza siku ya kwanza kama mtandio waruhusiwa pamoja na sare, na wa rangi gani, kuliko kuzozana mwezi wa pili. La pili ni swala na Ramadhani. Sehemu nyingi wenzetu Wakristo hushika zamu zetu siku ya Idi, nasi tukashika zao siku ya Krismasi. Maelewano kama haya hujengwa mapema. La tatu ni pombe. Asiyetaka kuihudumia aombe idara ya vyumba, ya kufua au ya mapokezi kabla ya kupangiwa baa.

La nne ndilo zito, nalo husemwa kwa minong'ono. Mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi analazimika kuwa na taarifa ya maandishi inayokataza unyanyasaji wa kijinsia na kueleza namna ya kushtaki. Kifungu hicho cha 6 chamtaja mwajiri, mwakilishi wake na mfanyakazi mwenza, mgeni hakutajwa. Kwa hiyo binti aulize: mgeni akinishika au akinitamkia machafu, kanuni za hoteli zaniambia nimwendee nani? Na ajue kwamba tendo la aibu bila ya ridhaa ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006, awe mtendaji ni mgeni au mwenyeji. Nasi wazazi tukiambiwa jambo kama hilo, tusianze kwa kuuliza alivaa nini.

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, iliyomo katika Surat al-Baqara, yatufunza kuyaandika makubaliano ya deni, na yule asiyeweza kuimla mwenyewe asimamiwe na msimamizi wake kwa uadilifu. Basi na sisi tuwasimamie watoto wetu. Aombe nakala ya mkataba na kanuni, aje nayo nyumbani, na isomwe ukumbini baada ya Isha, neno kwa neno. Kama nyumbani hakuna aijuaye lugha, jirani au mwalimu wa mtaa hatakosekana.

Binti yule hatimaye alirudi hotelini akifuatana na mwakilishi wa chama, akaomba asikilizwe. Mgeni aliandikiwa, akajibu kuwa manukato aliyatoa kwa ridhaa yake. Shtaka la wizi likafutwa. Kazi haikurudi, kwani nafasi ilikwisha kupewa mwingine, lakini jina lake lilisafika. Mama yake alituambia kuwa kwake hilo lilikuwa bora kuliko mshahara wa mwaka.

Mwenyezi Mungu awajaalie watoto wetu riziki ya halali yenye heshima. Amin.