Gari Ulaya, Pesa Nairobi: Panga Hivi Kabla ya Kuwasha Injini

Meseji iliingia kwenye dawati letu la wateja Jumamosi jioni. Mteja alikuwa amesimama kwenye kaunta ya magari ya kukodi katika uwanja wa ndege wa Munich, Ujerumani, pamoja na mama yake wa miaka 68, mdogo wake na masanduku matano. Gari alikuwa amelilipia tangu Nairobi. Pesa zilikuwa kwenye simu, tena za kutosha. Lakini kadi ya kidijitali aliyoiunganisha na akaunti yake ilikataliwa mara tatu. "Tafadhali nisaidieni, nimekwama na mamangu hapa," aliandika.

Ukweli ni kwamba hatukuweza kumsaidia. Kadi yake ilikuwa sawa na salio lilikuwepo. Kampuni ya magari ndiyo iliyotaka amana, ile wengi tunaiita dipoziti, ishikiliwe kwenye kadi ya mkopo ya plastiki yenye jina la dereva. Sharti hilo lilikuwa kwenye mkataba, mstari wa chini kabisa, na hakuna aliyeusoma. Kilichowaokoa ni binamu yao anayeishi Munich. Alikuja na kadi yake, akaandikwa dereva mkuu, na mteja wetu akalipa ada ya kuongezwa kama dereva wa pili. Saa tatu zilipotelea pale kaunta, mama ameketi juu ya sanduku.

Mteja huyo ameturuhusu tuisimulie hadithi yake ili mwingine asirudie. Kwa hivyo kama wewe, familia yako au chama chenu mnapanga kuendesha gari kupitia nchi kadhaa za Ulaya, soma hii kwanza.

1. Chora njia, ndipo uhesabu pesa

Tuchukue njia ile ile aliyopita mteja wetu: Munich hadi Innsbruck nchini Austria, kisha kupanda mlima wa Brenner na kushuka Italia hadi Verona, halafu Venice, kisha Ljubljana nchini Slovenia, na kurudi Munich kupitia Austria tena. Hiyo ni takriban kilomita 1,200, yaani kama Nairobi hadi Mombasa mara mbili na nusu. Nchi ni nne, na uzuri wake ni kwamba zote hutumia euro na zote ziko ndani ya eneo la Schengen, kwa hivyo viza moja inatosha.

Ukiongeza Uswisi, ujue wao hutumia faranga. Jamhuri ya Cheki hutumia koruna, Hungary hutumia forinti. Croatia ilianza kutumia euro na kuingia Schengen tarehe 1 Januari 2023. Na Uingereza? Hiyo ni viza nyingine kabisa. Kila sarafu unayoongeza ni mahali pengine pa kukatwa ada ya kubadilisha pesa, kwa hivyo safari ya kwanza irahisishe.

2. Viza na karatasi: usilipe kisichorudishwa

Viza ya Schengen unaiomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Kama siku zinalingana, omba kwa nchi utakayoingilia. Unaweza kuomba kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na usichelewe kupita siku 15. Ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na haimaanishi kwamba utapewa. Utahitaji pia bima ya safari inayogharamia matibabu ya angalau euro 30,000.

Sasa sikiza, hapa ndipo pesa za watu hupotelea. Wengi hulipia hoteli na gari lote mapema ili faili ipendeze, viza ikikataliwa pesa zinakwenda nayo. Chagua hifadhi unayoweza kufuta bila kutozwa. Ni ghali kidogo, lakini kidogo hicho ni bima yako.

Kwa udereva, beba leseni yako ya Kenya pamoja na hati ya kimataifa ya udereva, ambayo hapa nyumbani hutolewa na AA Kenya. Hati hiyo peke yake haitoshi, husomwa pamoja na leseni. Kisha iandikie kampuni ya magari barua pepe na uulize mambo manne: mnakubali kadi gani kwa amana? Amana ni kiasi gani? Gari linaruhusiwa kuingia nchi hizi zote nne? Na dereva wa pili analipiwa ngapi? Hifadhi majibu kwenye simu. Usidhani tu. Kuna kampuni ambazo hukataza magari fulani kuvuka mpaka, na ukivuka bila ruhusa bima inaweza kukuruka. Ukitaka kurudisha gari katika nchi nyingine, tarajia ada kubwa.

Jambo lingine dogo lenye uzito: magari mengi ya kukodi Ulaya ni ya gia za mkono. Kama umezoea otomatiki, iagize mapema na ukubali bei yake. Tayari utakuwa unaendesha upande wa kulia wa barabara, usukani ukiwa kushoto, na kwenye raundabauti unazunguka kinyume na ulivyozoea. Usijiongezee kazi ya klachi.

3. Kila kadi na kazi yake

Sisi ni kampuni ya malipo ya simu, lakini hatutakudanganya ati simu inamaliza kila kitu. Kule hakuna namba ya till kwenye kituo cha mafuta, wala wakala kwenye kona. Hebu tugawanye kazi hivi:

- Kadi ya mkopo ya plastiki, jina la dereva: amana ya gari na hoteli. Pesa hazitolewi, zinashikiliwa tu, lakini huwezi kuzitumia mpaka ziachiliwe, na kuachiliwa kunaweza kuchukua siku kadhaa baada ya kurudisha gari. Kama kikomo cha kadi yako ni shilingi 150,000 na zilizoshikiliwa ni 120,000, umebaki na 30,000 tu.
- Kadi ya benki ya kawaida, ya plastiki, yenye PIN: mafuta, ada za barabara, na kutoa pesa taslimu.
- Kadi ya kidijitali ya kwenye simu: kulipia mtandaoni, yaani hoteli, vibali vya barabara, tiketi za makumbusho. Hapa ndipo sisi tunafaa. Unaweka kiasi unachotaka tu, na mwizi akiipata namba hataona akiba yako yote.
- Pesa taslimu: euro 100 hadi 150 kwa noti ndogo na sarafu. Vyoo vya barabarani na maegesho ya zamani bado hupenda sarafu. Ukibeba euro 10,000 au zaidi, lazima uzitangaze kwa forodha.

Na kanuni moja ambayo ungeiandika nyuma ya mkono: mashine ikikuuliza ulipe kwa shilingi za Kenya au kwa euro, chagua euro. Kuona shilingi kunatuliza moyo, lakini kiwango cha kubadilisha kinakuwa kimepangwa na upande wa mashine, na mara nyingi wamejiwekea faida nono. Ukichagua euro, benki yako ndiyo inayobadilisha.

4. Barabara: kila nchi na desturi yake

Ukiwa umezoea Expressway ya Nairobi, unajua kulipa kulingana na umbali. Ulaya kuna mitindo mitatu, na njia yetu inaipitia yote.

Ujerumani haitozi magari madogo kwenye barabara kuu. Lakini katikati ya miji kama Munich unahitaji stika ya kijani ya mazingira kwenye kioo. Gari la kukodi Ujerumani kwa kawaida huwa nayo. Angalia kabla ya kuondoka.

Austria na Slovenia hutumia kibali cha muda kiitwacho vignette. Austria ina cha siku moja, cha siku 10 na kuendelea. Slovenia ni cha kielektroniki pekee, kimefungwa kwenye namba ya gari, na cha chini ni cha siku 7. Ukikamatwa Slovenia bila kibali, faini ni euro 300 hadi 800. Na usidhani vignette ya Austria inafunika kila kitu: barabara ya Brenner, mahandaki ya njia ya Tauern na handaki la Karawanken la kutoka Slovenia hulipiwa kando. Njia yetu inapita yote matatu!

Italia ni tiketi. Unaichukua unapoingia barabara kuu, unalipa unapotoka. Kwenye vibanda vya kulipia usiingie njia ya manjano iliyoandikwa Telepass, hiyo ni ya wenye kifaa maalum. Njia ya buluu ni ya kadi. Usipoteze tiketi, maana utatozwa kama uliyetoka mbali kabisa.

Na Italia ina mtego mwingine uitwao ZTL: maeneo ya katikati ya mji, Verona ikiwemo, ambayo magari ya wageni hayaruhusiwi bila kibali. Hakuna askari wa kukusimamisha, ni kamera tu. Miezi baadaye, ukiwa umeshasahau, kampuni ya gari inakukata ada ya kutoa jina lako, kisha faini yenyewe inakufuata nyumbani. Egesha nje, ingia kwa miguu. Venice nayo haina barabara za magari, kwa hivyo acha gari Mestre, ng'ambo ya maji, na uingie kwa treni au basi.

Vignette zinunue kwenye tovuti rasmi za barabara za nchi hizo. Zipo tovuti nyingine zinazofanana nazo zinazokuongezea ada bila sababu. Kabla ya kuweka PIN, soma anwani herufi kwa herufi.

5. Mafuta

Hesabu ni rahisi. Gari linalokula lita 7 kwa kilomita 100 litahitaji lita 84 kwa kilomita 1,200. Tukikadiria euro 1.80 kwa lita, ni kama euro 151. Kwa kiwango cha shilingi 150 kwa euro, hiyo ni takriban shilingi 22,700. Weka asilimia 20 juu yake, kwa sababu utapotea njia. Kila mtu hupotea.

Jaza mafuta nje ya barabara kuu, maana vituo vya kwenye barabara kuu huwa ghali. Usiku na Jumapili vituo vingine havina mtu, ni mashine tu. Mashine hizo hutaka kadi ya plastiki yenye PIN, na zinaweza kushikilia euro 100 au zaidi kabla ya kukuruhusu kujaza, hata kama unataka za euro 40. Ziada hurudi, lakini si papo hapo. Ndiyo maana tunasema usiendeshe ukiwa na salio la kubahatisha.

6. Linda laini yako kama pasipoti

Benki nyingi hukutumia namba ya siri ya mara moja kwa meseji. Ukiitoa laini yako ya Kenya ukaweka ya Ulaya, namba hiyo haitakufikia na malipo yatakwama. Washa rominga kabla ya kuondoka, ijaribu ukiwa bado nyumbani, na kama simu yako inakubali laini mbili, ya Kenya ibaki ndani. Iambie benki yako nchi utakazopita ili wasifunge kadi wakidhani imeibwa.

Na picha za Venice? Zipige, lakini kuzipakia kunaweza kungoja. Mlaghai akijua uko mbali, anampigia mama mdogo kule kijijini: "Mwanao amepata ajali Ulaya, tuma pesa haraka." Kubalianeni neno moja la siri la familia kabla ya safari. Asiyelijua hatumiwi hata shilingi. Ajali ikitokea kweli, namba ya dharura ni 112 katika nchi zote hizo.

7. Akiba ambayo haiguswi

Kama mnasafiri kama kikundi, changeni mapema kwenye akaunti moja, kisha mkubaliane nani anashika nini. Kadi mbili tofauti, mifuko miwili tofauti. Halafu tengeni akiba ya dharura inayotosha usiku mbili za hoteli na tiketi ya treni ya kila mmoja. Hiyo si ya pizza wala ya zawadi. Ikirudi nyumbani nzima, shukuruni.

Mteja wetu wa Munich alifika Venice siku moja baada ya alivyopanga. Mamake aliona maji yakipita mahali pa barabara, akauliza watu wa huku huegesha wapi. Walicheka, safari ikaendelea. Sasa wanapanga nyingine, na safari hii meseji yake kwetu ilikuja miezi minne kabla, si kutoka kaunta: "Hii kadi yenu itakubaliwa kwa amana?" Tulimjibu ukweli: muulize mwenye gari kwanza, tena akujibu kwa maandishi.

Nawe ukiwa na swali, tuandikie kupitia programu kabla hujafunga sanduku. Na kumbuka, PIN yako ni yako peke yako. Hata sisi hatutakuuliza.

Safari njema.