Maji Yanapotoka Chini ya Tuta

Kila tuta la udongo huvuja. Hata udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa vizuri na kutandikwa plastiki haufungi maji kabisa, na mhandisi aliyelijenga analijua hilo. Kwa hiyo kazi kubwa ya msimamizi wa bwawa la majitaka ya kiwanda ni kujua maji yanatokea wapi, kwa kiasi gani, na yanabeba nini.

Hilo la tatu ndilo zito. Mahali mteremko wa nje unapokutana na ardhi, chota maji kwenye chupa ya kioo, yaache yatulie, kisha tazama kwenye kitako cha chupa. Majitaka yenyewe huweza kuwa na rangi, hivyo usihangaike na rangi, angalia kinachotuama. Kama hakuna kitu na kiasi cha maji hakijaongezeka tangu wiki iliyopita, andika kwenye daftari. Ukiona punje za udongo, tuta linaliwa kutoka ndani. Njia ya maji inapanuka kurudi nyuma kuelekea bwawani, na ikishafika huko, tuta linaweza kubomoka kwa saa chache.

Wengi wakiona tundu linalotoa maji yenye udongo hukimbilia kuliziba kwa udongo au zege. Ni hatari sana. Maji yakizibwa hapa hutafuta pengine, huku shinikizo ndani ya tuta likipanda. Funika kwa mchanga safi, juu yake weka kokoto, ili maji yatoke na udongo ubaki. Kiwanda kisimamishe kuingiza maji, mhandisi aitwe siku hiyo hiyo. Kina cha bwawa nacho kishushwe kwa kasi atakayoielekeza yeye, kwa sababu maji yakiondoka ghafla, mteremko wa ndani uliolowa hukosa cha kuuegemeza ukaporomoka.

Adui mwingine ni mvua. Milimita 50 zikinyesha juu ya bwawa la hekta 10 huongeza mita za ujazo 5,000, kabla ya kuhesabu maji ya mlimani. Januari 30, 2000, huko Baia Mare nchini Romania, mvua na theluji iliyoyeyuka zilijaza bwawa la mabaki ya uchenjuaji wa dhahabu hadi tuta likakatika. Mita za ujazo zipatazo 100,000 za maji yenye sayanaidi ziliingia mitoni, zikafika Tisza na Danube, na samaki wakafa kwa wingi Hungaria. Nafasi tupu kati ya maji na kilele cha tuta ni ya dharura; kiwanda kinachoijaza ili kuendeleza uzalishaji kinakopa usalama wa majirani.

Majani kwenye tuta yafyekwe, maana nyufa na unyevu havionekani kwenye kichaka. Miti isiachwe kuota. Mizizi ikioza huacha mifereji. Mashimo ya panya na vichuguu vya mchwa vishughulikiwe mapema.

Kwetu Tanzania, Novemba 7, 2022, ukuta wa bwawa la tope la mgodi wa almasi wa Mwadui, Shinyanga, ulibomoka, tope likafunika nyumba na mashamba. Kama unaishi chini ya bwawa la aina hii, dai kuonyeshwa mpango wa dharura: nani atapiga king'ora, na familia yako ikimbilie wapi.